Ule mti wa selfi uko wapi leo?

Unaikumbuka Jumatatu ya Novemba 13, 2023? Serikali ilitangaza siku ya mapumziko na kumtaka kila mtu atoke akapande mti. Shabaha ilikuwa miche milioni 100 kwa siku moja tu. Na watu walitoka kweli. Mitandao ilijaa gambuti mpya, tisheti za kijani na miche iliyobebwa kwa uangalifu kama mtoto anayepelekwa kubatizwa. Miezi sita baadaye, Mei 10, 2024, tukapewa siku nyingine ya mapumziko. Safari hii ilikuwa ya kuwaomboleza zaidi ya watu 200 waliouawa na mafuriko, na tukaambiwa tena tupande miti.

Sasa nikuulize swali moja, na usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Ule mti wako uko wapi leo?

Kama hujui, uko na wenzako wengi. Kupanda mti ni kazi ya dakika tano, pamoja na muda wa kupiga picha. Kuuweka hai ni kazi ya miaka. Na kazi ya miaka haifanywi kwa hamasa. Inafanywa na mtu anayejua shamba ni la nani, anayepata kitu kwa kuulinda, na anayeulizwa maswali ukikauka. Stori nzima ya kulinda mazingira duniani, kuanzia kwa marais wanaoruka na ndege kwenda kwenye mikutano hadi kwa chama cha vijana mtaani kwenu, inaanguka au inasimama hapo.

Selfi ya mataifa

Usidhani ni sisi tu. Mataifa nayo yana selfi zao.

Mwaka 2010 nchi wanachama wa Mkataba wa Bayoanuwai zilikutana Nagoya, katika mkoa wa Aichi, Japani. Zikaandika malengo 20 ya kuokoa wanyama, mimea, misitu na bahari kufikia 2020. Picha zikapigwa, mikono ikapigwa. Miaka 10 ilipoisha, ripoti ya Umoja wa Mataifa ikaonyesha kwamba kidunia hakuna hata lengo moja kati ya yale 20 lililotimizwa kikamilifu. Sio kumi. Sio matano. Hakuna hata moja.

Katikati ya muda huo, mwaka 2019, jopo la wanasayansi wa kimataifa lilitoa tathmini kwamba spishi karibu milioni moja ziko hatarini kutoweka. Spishi sio simba na ndovu pekee. Ni pia nyuki anayechavusha maharagwe unayokula na chapati, na samaki ambaye mama wa Likoni anamkaanga ukishuka feri.

Kwa hivyo Desemba 2022 wakakutana tena, Montreal, Kanada. Wakaandika malengo mapya, 23. Lile maarufu ni kwamba kufikia 2030 asilimia 30 ya ardhi na asilimia 30 ya bahari za dunia ziwe zimehifadhiwa. Wakasema pia zipatikane dola bilioni 200 kila mwaka kwa kazi hiyo. Upande wa tabianchi, mkutano wa Baku wa Novemba 2024 ulimalizika kwa ahadi ya dola bilioni 300 kwa mwaka kwa nchi zinazoendelea, ifikapo 2035. Nchi hizo zilikuwa zikisema hitaji halisi ni trilioni 1.3.

Ukisikia nambari kama hizo unaweza kuzima simu ulale. Bilioni ngapi, na wewe hata bando za wiki ni kujikaza? Lakini ngoja. Kuna mahali hapa Kenya ambapo maneno haya yote makubwa yameshukishwa mpaka yakawa mfereji wa maji. Mahali hapo panaitwa Gazi.

Hekta 117 za tope

Ukivuka feri pale Likoni, upite Diani na Ukunda, ushike barabara ya kuelekea Lungalunga, utafika Gazi kabla hujaingia Msambweni. Ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale. Mbele yake kuna ghuba, na kwenye ghuba kuna mikoko.

Kama umekulia Nairobi, huenda unajua mikoko kama ule msitu unaouona kando ya maji ukiwa likizo Pwani. Watu wa Pwani wanaijua mmoja mmoja kwa jina: mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi. Kenya ina aina tisa. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi mirefu inayosimama nje ya maji kama miguu ya buibui. Mbegu zake huota zikiwa bado zinaning'inia mtini, ndefu kama maharagwe makubwa, kisha huanguka na kuchoma kwenye tope tayari kuanza maisha.

Mti huu una kazi tatu kwa wakati mmoja. Mizizi yake ni chumba cha malezi cha samaki wachanga, kaa na kamba. Pia huvunja nguvu za mawimbi kabla hayajafika kijijini, jambo linalozidi kuwa muhimu bahari inapopanda. Na ya tatu ndiyo iliyowaleta wanunuzi kutoka ng'ambo: mikoko huzika kaboni.

Inafanyaje? Majani na mizizi iliyokufa huzama kwenye tope ambalo karibu halina hewa. Bila hewa, havioezi haraka. Kaboni iliyokuwa kwenye majani inabaki chini ya tope kwa mamia ya miaka, ikizidi kurundikana. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko inaweza kuhifadhi kaboni mara kadhaa kuliko hekta ya msitu wa kawaida wa nchi kavu. Ukikata mikoko, huui mti peke yake. Unafungua ghala. Tope linapata hewa na kaboni ya karne nyingi inaanza kurudi angani.

Na Gazi walikuwa wameukata. Miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mikoko ya hapo iliishia kwenye tanuri za viwanda kama kuni. Kote Pwani boriti zilikuwa biashara ya karne nyingi, zikisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni kujenga nyumba, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Mwaka 1991 watafiti wa taasisi ya utafiti wa bahari, KMFRI, akiwemo Dkt James Kairo, walianza kuirejesha mikoko ya Gazi wakishirikiana na wanakijiji. Miche mingine ilikufa, mingine ikashika. Wakajifunza aina ipi inapenda wapi.

Angalia tarehe sasa. Kupanda kulianza 1991. Pesa ya kaboni ilianza kuja 2013. Hiyo ni miaka 22. Kuna msomaji wa makala hii ambaye hana hata miaka 22.

Pesa ya hewa

Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, na ni wa vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Ulikuwa wa kwanza duniani wa jamii kuuza krediti za kaboni kutokana na kulinda mikoko. Unahusu hekta 117 pekee.

Krediti ni nini? Chukulia krediti moja kama risiti inayosema tani moja ya gesi ya kaboni imezuiwa isiende angani, au imetolewa angani. Kampuni au mtu wa ng'ambo anayechafua ananunua risiti hiyo kama fidia ya uchafu wake. Mikoko Pamoja huuza risiti za karibu tani 3,000 kwa mwaka, zikikaguliwa chini ya viwango vya Plan Vivo. Shirika dogo la hisani la Scotland husaidia kuziuza. Sehemu ya pesa hulipa kazi ya ulinzi na upandaji. Inayobaki ni ya wanakijiji, na wao ndio huamua kwenye kikao iende wapi. Imeenda kwa maji na imeenda kwa shule. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Upande wa pili, karibu na mpaka wa Tanzania, vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu vikaiga na kuanzisha wao, katika eneo kubwa zaidi.

Mbona huu umeshika na miradi mingine mingi imebaki mabango? Mimi naona sababu nne, na hakuna iliyo ya kichawi.

Ya kwanza, eneo linajulikana. Hekta 117 ni kitu unaweza kutembea ukaona. Mtu akikata mti, kuna mtu atajua.

Ya pili, kuna haki ya kisheria. Msitu ni wa serikali, lakini sheria ya misitu inaruhusu jamii kuunda chama na kutia saini makubaliano na Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ya kusimamia msitu pamoja. Bila karatasi hiyo wanakijiji wangekuwa walinzi wa bure wa mali ya wengine.

Ya tatu, kuna mbadala. Huwezi kumwambia mama aache kukata mkoko halafu usimwonyeshe kuni zingine. Mradi ulipanda mivinje, mti unaokua haraka, ili watu wapate kuni na nguzo za kujengea bila kuingia kwenye mikoko.

Ya nne, faida inaonekana kwa macho. Ukiteka maji kwenye mfereji uliolipiwa na mikoko, hakuna haja ya semina ya kukueleza umuhimu wa mikoko.

Lakini tusidanganyane

Nisikuuzie ndoto. Tufanye hesabu kidogo. Kwa makadirio ya shirika la mazingira la Marekani, gari la kawaida la abiria nchini humo hutoa tani 4.6 hivi za kaboni kwa mwaka. Gawanya 3,000 kwa 4.6. Kazi yote ya Gazi, mwaka mzima, vijiji viwili, inafuta uchafu wa magari kama 650. Simama kwenye daraja la Thika Road saa kumi na moja jioni uhesabu mpaka 650. Hutachukua muda mrefu.

Kwa hivyo hakuna msitu utakaotuokoa kama wenye viwanda wakubwa hawatapunguza moshi. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia nne ya gesi hizi duniani. Wanaosema biashara ya kaboni ni ruhusa ya tajiri kuendelea kuchafua huku maskini akimshikia ufagio wana hoja, na usiwakatize. Jibu la Gazi sio kwamba hoja hiyo ni ya uongo. Jibu ni kwamba mikoko hiyo ingehitaji kulindwa hata bila mnunuzi, kwa sababu samaki na mawimbi hayasubiri Marekani. Pesa ya kaboni ni nyongeza.

Tatizo lingine ni nani anaandika mkataba. Sio kila mradi wa kaboni nchini una sifa za Gazi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii huko zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa inavyofaa. Mojawapo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni ya malisho. Ardhi ilikuwa ya wafugaji, kaboni ikauzwa, na waliokuwa wakichunga pale wakabaki kuuliza: tuliulizwa lini?

Hapa kuna sheria moja unafaa kuijua kichwani. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanasema mradi wa kaboni unaotegemea ardhi lazima uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato kila mwaka, chini ya mkataba wa maendeleo uliosajiliwa. Kama nyanya yako ana shamba kijijini na kuna watu na magari makubwa wameanza kuzunguka wakizungumzia kaboni, wewe mwenye simu na bando ndiwe wakili wake wa kwanza. Mwambie kuhusu asilimia 40 kabla hajaweka kidole gumba kwenye karatasi yoyote.

Na kuna tatizo la tatu, linalohusu wapenda selfi moja kwa moja. Mti sahihi mahali pasipo sahihi ni kuni. Baada ya tsunami ya 2004, mikoko ilipandwa kwa wingi kwenye fuo za Sri Lanka. Nia ilikuwa njema na pesa zilikuwepo. Sehemu kubwa ilikufa, kwa sababu aina nyingine zilipandwa mahali ambapo maji ni ya kina zaidi ya uwezo wake, au hakuna aliyerudi kuiangalia.

"Mimi niko Kayole, mikoko inanihusu nini?"

Swali zuri. Chukua ramani kwenye simu yako ufuate Mto Nairobi. Unapita katikati ya jiji, unapita Korogocho na Dandora, unaingia Mto Athi. Athi unateremka Ukambani, unapita Tsavo ambako unaitwa Galana, kisha unakuwa Sabaki na kumwaga maji Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kwenye mdomo wa mto huo kuna mikoko.

Kwa hivyo ile chupa ya plastiki ilioanguka kwenye mtaro wa mtaani kwenu ina tiketi ya kwenda Pwani. Na udongo nao husafiri. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibeba udongo mwingi kutoka bara hadi hori la Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi, na mikoko mingi ikafa. Hakuna aliyeikata kwa shoka. Iliuawa na mashamba na vilima vilivyokuwa vimeachwa uchi mbali na bahari.

Na mafuriko ya 2024 yaliyosomba keja za Mathare ni mwendo huo huo wa maji, upande wa juu. Kingo za mto zikijengwa mpaka kwenye maji, mto hauna pa kupumulia. Mikoko ni kingo za bahari, miti na nyasi ni kingo za mto. Ukiondoa kingo, maji hayaulizi kodi unalipa kwa nani. Ila tuseme ukweli wote: aliyejenga ukingoni Mathare alijenga hapo kwa sababu ndipo alipoweza kumudu. Kumfukuza kwa tingatinga usiku bila kumwonyesha pa kwenda ni sawa na kumkataza mama wa Gazi kuni bila kupanda mivinje. Haitashika. Atarudi, au atahamia ukingo mwingine.

Nairobi kwenyewe tuna ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda mti Karura, msitu uliokuwa unagawiwa wenye nguvu. Leo Karura una karibu hekta 1,000, unasimamiwa na KFS pamoja na chama cha jamii, na wikendi huwezi kukosa marafiki wanaokimbia humo. Ni sheria ile ile ya vyama vya misitu inayotumika Gazi. Kilichouokoa Karura ni watu waliokataa kuondoka, kisha wakaandika makubaliano, kisha wakakaa kuyafuata.

Maswali manne kabla ya gambuti

Malengo 23 ya Montreal yana moja, la 22, linalosema vijana washirikishwe kikamilifu kwenye maamuzi ya bayoanuwai. Maneno mazuri. Lakini kushirikishwa sio kupewa tisheti. Kaunti nyingi siku hizi zina kamati za tabianchi katika ngazi ya wadi, zinazopendekeza fedha za kukabili ukame na mafuriko zitumike wapi. Nenda ofisi ya wadi yako uulize wanakamati ni akina nani, kiti cha vijana kimekaliwa na nani, na kikao kijacho ni lini. Ukijibiwa kwa mikwaruzo, rudi na wenzako watatu. Mtu mmoja ni kero, watu wanne ni ujumbe.

Na msimu wa mvua ukifika, ukatumiwa bango la kupanda miti kwenye grupu ya WhatsApp, usikatae. Nenda. Ila kabla ya kutafuta gambuti, andika maswali haya hapo hapo kwenye grupu ili kila mtu aone:

Moja, shamba hili ni la nani, na kuna karatasi inayoturuhusu kurudi hapa mwaka ujao?

Mbili, hii ni aina gani ya mti, na nani anayejua udongo wa hapa amesema utakua?

Tatu, mti huu ukikua, nani atafaidika, na wanaoishi hapa wameulizwa?

Nne, nani atakuja kumwagilia maji Januari jua likiwaka, na analipwa na nani?

Kama hayana majibu, usiogope kusema tupande miche kumi badala ya elfu moja, lakini kila mche uwe na jina la mtu atakayeutunza. Gazi walianza na tope, miche iliyokuwa inakufa, na watu waliorudi siku iliyofuata kuangalia imekufa kwa nini. Ukianza hivyo mtaani kwenu, kazi itakuwa polepole na haitapendeza sana kwenye picha. Lakini mwaka ujao mtu akikuuliza mti wako uko wapi, utamshika mkono umpeleke.